Aliyenyeshewa Anapoisema Mvua

Jumatano ya tarehe 21 Aprili 1971, wanaume zaidi ya 50 waliovalia magwanda ya kijeshi yaliyochakaa waliandamana hadi Pentagon, makao makuu ya jeshi la Marekani, wakaomba wakamatwe. Walijitambulisha kuwa wahalifu wa kivita. Walikuwa wamerudi kutoka Vietnam, na waliyoyafanya kule, kwa maelezo yao wenyewe, yalivunja sheria zile zile ambazo Marekani na washirika wake walizitumia kuwahukumu wakubwa wa Kinazi mjini Nuremberg. Msemaji wa Pentagon aliyaandika majina yao, kisha akawarudisha walikotoka. Si kila siku ofisi ya serikali humfukuza mtu aliyejileta mwenyewe kukiri kosa la jinai, lakini huenda hapakuwa na fomu ya kazi hiyo.

Mpinga vita wa kawaida huwa ana jibu lake linalomsubiri. Mwanafunzi huambiwa bado mtoto. Padri huambiwa arudi kanisani. Mama wa nyumbani, kwa miaka ile, hakusikilizwa hata amalize sentensi. Wote hukutwa na shitaka moja: hamkuwapo, hamjui. Aisifuye mvua imemnyea, walisema wahenga, na hakuna serikali isiyoupenda msemo huo inapofika habari ya vita, maana aliyenyeshewa kwa kawaida husifu. Hupewa kiti cha mbele kwenye gwaride, hung'arisha nishani zake, watoto wa shule humuuliza kama aliogopa, naye hujibu kwa kifupi. Mambo huharibika siku anapoisema mvua ile ile kwa ubaya. Ghafla hapatikani mtu wa kuzungumzia mvua. Anakaguliwa yeye: kweli alikuwa nje siku hiyo? Mbona nguo zimekauka? Akili zake zimetimia? Nani kamtuma?

Maswali hayo ni machache na ni ya zamani. Majeshi hubadilisha silaha kila kizazi, lakini namna ya kumjibu askari aliyegeuka haijafanyiwa ukarabati wowote wa maana tangu Vita Kuu ya Kwanza.

Siegfried Sassoon alikuwa ofisa wa jeshi la Uingereza katika vita hivyo, mshairi, mwenye nishani ya Military Cross, na jasiri kiasi cha kuwatia wasiwasi hata wenzake kwa namna alivyokuwa akiyavamia mahandaki ya Wajerumani. Mwaka 1917, akiwa nyumbani anauguza jeraha, aliandika tamko kwamba vita vinarefushwa kwa makusudi na watu wenye uwezo wa kuvimaliza. Utepe wa nishani yake akautupa mtoni Mersey. Tarehe 30 Julai tamko likasomwa bungeni. Kwa kanuni za jeshi alistahili kufikishwa mahakama ya kijeshi, na hicho ndicho alichokuwa akikitafuta: kizimba, waandishi wa habari, na nafasi ya kurudia kila neno. Rafiki yake Robert Graves, mshairi na ofisa wa rejimenti hiyo hiyo, akamwokoa na hatari hiyo kwa kuwashawishi madaktari wa jeshi kwamba mtu huyu ni mgonjwa wa neva. Sassoon akapelekwa hospitali ya Craiglockhart, Edinburgh, akapewa kitanda, daktari mpole na ruhusa ya kucheza gofu. Kama ile ilikuwa adhabu, wapo mahandakini ambao wangeipigania kwa ngumi. Tamko lenyewe lilibaki bila jibu. Hakuna waziri aliyelazimika kueleza kama kweli vita vinarefushwa, kwa sababu mwulizaji alikuwa mgonjwa, na mgonjwa habishiwi. Miezi michache baadaye akaomba mwenyewe arudi vitani, mawazo yake yakiwa yale yale. Alichoshindwa ni kukaa bustanini huku askari aliowaongoza wakiendelea kufa.

Marekani nayo ilikuwa na Smedley Butler, meja jenerali wa kikosi cha Marines, mwenye miaka zaidi ya 30 jeshini na nishani ya juu kabisa ya nchi hiyo, tena mara mbili. Baada ya kustaafu mwaka 1931 alizunguka nchi nzima akihutubia kwamba huko Haiti, Nicaragua na China alikuwa baunsa tu wa mabenki na makampuni makubwa, na mwaka 1935 akayaweka hayo katika kijitabu alichokiita War Is a Racket. Kumwita mwoga haikuwezekana, na kudai hakuwapo ndiyo kabisa. Ikabaki kumchukulia kama mzee mwenye hasira na maneno mengi. Hasira alikuwa nayo kweli, na maneno pia.

Lakini hao walisema mmoja mmoja. Kilichotokea Marekani kati ya mwaka 1967 na 1971 kilikuwa kipya: askari kwa maelfu, wengi wao vijana wa miaka ishirini na ushei, wakajipanga dhidi ya vita ambavyo wadogo zao walikuwa bado wanapelekwa kuvipigana.

Mwanzo ulikuwa mdogo. Aprili 1967, katika maandamano makubwa ya kupinga vita jijini New York, kundi dogo la waliorudi Vietnam lilitembea pamoja nyuma ya bango lao wenyewe. Juni mwaka huo sita kati yao wakaunda chama, Maveterani wa Vietnam Dhidi ya Vita, kinachojulikana kwa herufi zake nne, VVAW. Kwa muda kilikuwa na jina kubwa kuliko watu. Kilichokijaza ni kijiji cha My Lai.

Huko, tarehe 16 Machi 1968, askari wa Marekani waliwaua wanakijiji wasio na silaha, wanawake, wazee na watoto; 347 kwa hesabu ya jeshi la Marekani, 504 kwa hesabu ya Wavietnam. Ripoti ya awali iliandika ushindi. Aliyeifukua habari hii alikuwa askari mwingine, Ron Ridenhour, ambaye hakuwa kijijini siku ile ila alisimuliwa na waliokuwapo, mmoja baada ya mwingine, akayaweka moyoni hadi alipomaliza utumishi wake. Machi 1969, akiwa amerudi uraiani Arizona, aliandika barua na kuzituma kwa watu wapatao 30 wenye madaraka, wabunge wakiwamo. Novemba mwandishi Seymour Hersh akaianika kwa dunia nzima. Serikali ikasikitika, ikasema ni uovu wa wachache, na mwishowe aliyepatikana na hatia ya mauaji alikuwa mmoja tu, Luteni William Calley.

Kwa waliokuwa wamerudi, maelezo hayo ndiyo yaliyouma kuliko kimya cha mwanzo. Calley hawakumtetea. Walichojua ni kwamba ushindi kule ulipimwa kwa idadi ya maiti, na ofisa aliyeleta idadi ndogo alijieleza. Kwamba kulikuwa na maeneo yaliyotangazwa kwenye ramani kuwa kila kinachotembea humo ni halali kupigwa. Kwamba vijiji vilichomwa mchana kweupe, kwa amri, na kiberiti. Hayo yote yalikuwa na vichwa vya barua, mihuri na sahihi za wakubwa. Kumtwisha luteni mmoja mzigo huo kulikuwa, kwa macho yao, kuwafanya wote wawe ama watakatifu ama Calley, wakati wao hawakuwa chochote kati ya hivyo viwili.

Wakaamua kusema hadharani, na namna walivyosema inastahili kutazamwa kwa karibu. Kuanzia tarehe 31 Januari hadi 2 Februari 1971, katika hoteli ya Howard Johnson mjini Detroit, maveterani 109 na raia 16 walikaa kwa zamu kwenye meza ndefu zenye vipaza sauti. Mkutano ule waliupa jina la askari wa majira ya baridi, kwa kumrejea mwandishi Thomas Paine, ambaye mwaka 1776 aliwakejeli askari wa kiangazi wanaokimbia baridi ikianza. Ipo filamu ya picha nyeusi na nyeupe iliyopigwa siku zile. Vijana wana nywele za mabegani na ndevu, sigara haziishi, wengine bado wamevaa jaketi za jeshi. Kila mmoja anaanza kwa jambo lile lile: jina, cheo, kikosi, mwezi aliofika Vietnam na mwezi aliotoka. Kisha, kwa sauti ile ile aliyotajia namba ya kikosi, anaeleza mateka walivyosukumwa nje ya helikopta ikiwa angani. Mwingine anaeleza masikio yaliyokatwa kwenye maiti na kutunzwa. Wapo wanaosita, wapo wanaocheka kicheko kisicho mahali pake halafu wakakikata. Lakini karibu wote wanaongea kama watu wanaotoa ripoti kwa mkubwa wao, maana hiyo ndiyo lugha ya kuelezea vita waliyofundishwa.

Ukavu huo ulikuwa wa kupangwa. Waandaaji walijua swali la kwanza litakuwa lipi, kwa hiyo waliwataka mashahidi waje na hati za kuachishwa jeshi, ile karatasi ya DD-214 ambayo kila askari wa Marekani huondoka nayo na ambayo bila hiyo hapati pensheni, mkopo wa nyumba wala kaburi la heshima. Walikubaliana pia kutowataja kwa majina askari wenzao waliotenda makosa, wasije wakazaliwa akina Calley wengine kumi huku waliotoa sera wakiendelea na chakula cha mchana. Uamuzi huo ulikuja kuwagharimu. Wachunguzi wa jeshi walipotaka majina na kukosa ushirikiano wa baadhi yao, ilikuwa rahisi kuandika kwamba madai hayakuweza kuthibitishwa. Magazeti makubwa ya pwani ya mashariki yaliupita mkutano ule karibu kimya. Aliyeupa uzito ni Seneta Mark Hatfield wa Oregon, yeye mwenyewe mpiganaji wa Vita Kuu ya Pili, alipouingiza ushahidi wote katika kumbukumbu rasmi za Bunge.

Kuna jambo moja la Detroit ambalo wanaoisimulia kwa fahari hulipita haraka. Waandaaji walikusudia wakimbizi wa Kivietnam nao watoe ushahidi, kwa matangazo ya moja kwa moja kutoka Windsor, mji wa Kanada ulio ng'ambo tu ya mto. Kanada ikawanyima viza. Basi habari za vijiji vilivyochomwa zikasimuliwa zote na waliochoma. Simlaumu aliyesimulia, alifanya zaidi ya alivyolazimika. Lakini tuseme ukweli kuhusu nguvu ya shahidi wa namna hii: anasikilizwa kwa sababu ni wetu. Machozi ya mvulana wa Ohio yaliweza kumfikisha mtazamaji wa Marekani hadi kwa mama wa Kivietnam, ila mama mwenyewe hakuwa na njia ya kufika bila mvulana huyo kumbeba, na hata alipobebwa, kamera ilibaki kwa mbebaji. Hadi leo filamu nyingi kuhusu vita vile zinahusu jinsi vilivyowaumiza Wamarekani. Serikali ya Vietnam ilipotoa makadirio yake mwaka 1995, ilitaja raia milioni 2 na wapiganaji wa upande wake milioni 1.1. Wamarekani waliokufa ni 58,220, na majina yao yote yamechongwa kwenye ukuta mmoja Washington.

Miezi miwili na nusu baada ya Detroit, chama kikahamia mji mkuu. Waliipa safari yao jina la operesheni, Dewey Canyon ya tatu, kwa kuwa jeshi lilikuwa limeziita hivyo operesheni zake mbili za kuelekea Laos. Wao walitangaza kwamba wanafanya uvamizi wa muda mfupi katika nchi ya Bunge la Marekani. Siku ya kwanza, Jumatatu tarehe 19 Aprili, wakiongozwa na akina mama waliofiwa na wana wao vitani, walikwenda kuweka mashada makaburini Arlington. Walifungiwa geti. Kesho yake walifunguliwa, baada ya mtu fulani serikalini kugundua jinsi picha ya mama mwenye shada nje ya geti inavyoonekana gazetini.

Halafu ikaja kesi ya usingizi, ambayo kwangu ndiyo sura bora ya juma lile. Maveterani walikuwa wamepiga kambi kwenye uwanja mpana wa majani mbele ya Bunge. Wizara ya Sheria ikaenda mahakamani kuzuia, na Mahakama ya Juu ikaiunga mkono: wanaweza kukaa uwanjani, ila wasilale. Watu waliokaa mwaka mzima wakilala kwenye matope ya Vietnam kwa amri ya serikali sasa walikatazwa na serikali hiyo hiyo kulala kwenye nyasi. Wakapiga kura. Mia nne na themanini walitaka kulala, mia nne walitaka kubaki macho kwa mujibu wa sheria, wakalala. Polisi walipita kati ya mablanketi na hawakumwona mtu yeyote aliyelala. Mwaka 1932 maveterani wa Vita Kuu ya Kwanza waliokuja Washington kudai malipo yao walitimuliwa na Jenerali MacArthur kwa vifaru na mabomu ya machozi, na picha za tukio hilo zilimwandama Rais Hoover hadi kwenye sanduku la kura mwaka huo huo. Rais Nixon, mwanasiasa kuliko wote, hakuhitaji kukumbushwa. Gazeti moja la mji likaandika kwa herufi kubwa kwamba maveterani wameitengua Mahakama ya Juu. Siku iliyofuata jaji aliyekuwa ametoa amri ya kwanza aliikaripia Wizara ya Sheria kwa kuomba amri ambayo haikuwa na nia ya kuitekeleza.

Inasimuliwa pia kwamba bibi mmoja, wa chama cha wazao wa wapigania uhuru wa Marekani, aliwalaumu vijana hao njiani kuwa wanayoyafanya hayawasaidii wanajeshi wetu. Kijana mmoja akamjibu kwa adabu kwamba wanajeshi wenyewe ndio wao.

Alhamisi, John Kerry, luteni wa zamani wa jeshi la maji mwenye umri wa miaka 27, aliketi mbele ya Kamati ya Uhusiano wa Nje ya Seneti iliyoongozwa na William Fulbright. Alikuwa ameendesha mashua za doria katika delta ya Mekong na kurudi na nishani ya Silver Star, ya Bronze Star, na tatu za Purple Heart wanazopewa waliojeruhiwa. Alieleza kwa muhtasari yaliyosemwa Detroit, akauliza unamwombaje mtu awe wa mwisho kufa kwa ajili ya kosa. Ijumaa, serikali ikiwa imezungusha uzio mbele ya Bunge ili wasikaribie ngazi, maveterani walipanga mstari, na mmoja mmoja wakafika kwenye kipaza sauti, wakataja jina au hawakulitaja, wakazirusha nishani zao juu ya uzio. Chama kilihesabu waliorusha kuwa takriban 800. Wapo waliotaja marafiki waliokufa. Wapo waliotukana. Wapo waliorusha hati yenyewe ya kuachishwa jeshi. Nia ya mwanzo ilikuwa kuzikabidhi nishani kwa Bunge kwa utaratibu. Ni ule uzio uliowafanya warushe, na hivyo kuipa runinga picha iliyodumu kuliko hotuba zote.

Sasa turudi kwenye majibu. Ikulu haikuwa imelala. Kabla juma halijaisha zilienezwa habari kwamba sehemu ndogo tu ya wale watu ni maveterani wa kweli. Wao wakatoa hati zao. Hapo hapo wakapata aibu ya kujitakia: mmoja wa viongozi wao wakuu, aliyekuwa akijulikana kama kapteni na rubani wa jeshi la anga, aligundulika na wanahabari kuwa alikuwa sajini. Alikuwa mwanajeshi kweli, ila si yule aliyejitaja. Uongo huo mdogo ulifanya kazi ambayo Ikulu ilikuwa inahangaika kuifanya, na haukustahili huruma unayopewa na baadhi ya waandishi wa upande wake. Mtu anayejenga hoja yake yote juu ya "nilikuwapo" hana haki ya kujiongezea cheo. Wenzake 109 walikuwa wamekaa Detroit wakitaja tarehe na vikosi kwa uangalifu, naye akawaharibia kwa cheo cha begani.

Lakini tazama kilichojadiliwa baada ya hapo. Kama kapteni ni sajini, je, vijiji havikuchomwa? Swali hilo halikuulizwa na mtu.

Kwa Kerry, ambaye karatasi zake hazikuwa na kasoro, ilibidi itafutwe njia nyingine. Kanda za mazungumzo ya Nixon zinaonyesha alivyotambua kuwa kijana huyu anajieleza vizuri. Wasaidizi wake wakamwinua veterani mwingine wa mashua zile zile, John O'Neill, ambaye Rais alimpokea ofisini kwake Juni 1971; mwisho wa mwezi huo O'Neill na Kerry wakakabiliana kwenye kipindi cha televisheni cha Dick Cavett. Ilikuwa hesabu nzuri. Neno la aliyenyeshewa linapunguzwa bei kwa kumleta aliyenyeshewa mwenzake.

Ambao hawakuweza kupunguzwa bei walishitakiwa. Mwaka 1972 wanachama wa VVAW walituhumiwa kupanga njama ya kuvuruga kwa silaha mkutano mkuu wa chama cha Republican, Miami Beach. Washitakiwa wanane wakapandishwa kizimbani Gainesville, Florida, na mwaka 1973, baada ya kesi ndefu iliyojaa mashahidi ambao walikuwa majasusi wa FBI, wengine wakiwa marafiki wa karibu wa washitakiwa hadi siku walipopanda kutoa ushahidi, baraza la mahakama liliwaachia wote kwa mashauriano ya saa chache. Chama kilikuwa kimeshapoteza mwaka mzima na fedha zake kwa mawakili, kwa hiyo huwezi kusema serikali ilishindwa moja kwa moja.

Jibu la ugonjwa ndilo lililochukua njia isiyotarajiwa. Mwishoni mwa mwaka 1970 wanachama wa New York walianza kukutana jioni kuzungumza wenyewe kwa wenyewe kuhusu ndoto, hasira, na mikono inayotetemeka gari linapopiga mlipuko. Waliwaalika madaktari wawili wa akili waliokuwa wakipinga vita, Robert Jay Lifton na Chaim Shatan, lakini kwa sharti kwamba hawatakaa pale kama madaktari mbele ya wagonjwa. Kutoka kwenye mazungumzo hayo na kampeni iliyofuata, chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliingiza mwaka 1980 katika mwongozo wake hali ambayo dunia nzima sasa inaijua kwa herufi PTSD. Sassoon aliitwa mgonjwa ili asisikilizwe. Hawa walisema ndiyo, tunaumwa, na kilichotuuguza ni kile tunachowaambia. Walioumia kwenye mafuriko, ajali na ubakaji, kwenye nchi ambazo hazijawahi kupigana na Vietnam, wanatibiwa leo kwa sababu ya vikao vile vya jioni.

Je, walivimaliza vita? Mkataba wa Paris ulitiwa sahihi Januari 1973. Katika mwaka 1972 peke yake walikufa Wamarekani wengine 759, na Wavietnam wengi mno kuliko hao, hasa kwa mabomu. Bunge lililowasikiliza vizuri Aprili 1971 liliendelea kupitisha bajeti. Ninaamini walichangia, kwa kiasi ambacho hakuna anayeweza kukipima, na walio wakweli kati yao wamekuwa wakisema hivyo hivyo.

Kerry akawa seneta. Oktoba 2002 alipiga kura ya kumruhusu Rais Bush kuivamia Iraki, kura ambayo aliyekuwa kijana wa miaka 27 angekuwa na maneno nayo. Mwaka 2004 aligombea urais, akapanda jukwaani kukubali uteuzi kwa saluti, kana kwamba anaripoti kazini. Washauri wake waliona kwamba nishani ndizo zitakazombeba. Akatokea O'Neill, yule yule, pamoja na kundi la maveterani wa mashua za doria, kwa kitabu na matangazo ya televisheni yaliyotilia shaka nishani zenyewe na kumwonyesha Kerry wa mwaka 1971 kama msaliti aliyewasingizia wenzake uhalifu. Wengi waliohudumu kwenye mashua ya Kerry mwenyewe walimtetea. Haikusaidia kitu. Kwa wiki kadhaa za kampeni, nchi iliyokuwa na askari zaidi ya laki moja Iraki ilibishana kuhusu nani alikuwa kwenye mto gani mwaka 1969. Katika kiangazi cha mwaka huo huo, mjini Boston, vijana waliorudi Iraki waliunda chama chao cha kupinga vita, na mwaka 2008 wakaandaa karibu na Washington kikao kama cha Detroit, kwa jina lile lile, wakikaguana hati kabla ya mtu kukaribia kipaza sauti. Magazeti makubwa ya Marekani yalikipita nacho karibu kimya.

Na yale yaliyosemwa Detroit? Baada ya kashfa ya My Lai, Pentagon ilikuwa imeunda kikundi kazi cha kukusanya ripoti za uhalifu wa kivita, ili wakubwa wasije wakashtukizwa tena. Kikundi kilikusanya kurasa karibu 9,000. Kilikuwa kazini miaka ile ile ambayo msemaji wa serikali akiulizwa alijibu kwamba wale vijana ni waongo, wagonjwa, au si askari. Mafaili yalitolewa kwenye usiri mwaka 1994, yakawekwa kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa huko College Park, Maryland, na kwa miaka mingi karibu hakuna aliyeyagusa. Mwaka 2006 gazeti la Los Angeles Times lilichapisha yaliyomo: matukio 320 ambayo wachunguzi wa jeshi lenyewe waliyathibitisha, bila kuhesabu My Lai. Kulikuwa na mauaji ya halaiki, mateso ya mateka, ubakaji. Waliopatikana na hatia walikuwa 23. Uchaguzi wa mwaka 2004 ulikuwa umepita kwa miaka miwili. Waandishi walikuwa wameshaipitia sehemu kubwa ya mafaili hayo pale maofisa wa hifadhi walipoyaondoa kwenye rafu za wazi, wakieleza kwamba yana taarifa binafsi za watu.